Pedali ya Tatu

Baba alinunua pikapu hii mwaka aliokatwa mguu,
wa kushoto, chini kidogo ya goti,
sababu ya sukari.
"Otomatiki," alisema, "haina haja na mguu wa kushoto.
Nami sinao. Tumepatana."
Wakapatana miaka tisa:
maembe ya Marafa, nazi za Kakuyuni,
mbuzi mara nyingi, jeneza mara moja,
na mkongojo umelala pale ambapo mguu ungekaa.

Alituondokea mwezi wa nne.
Giaboksi ikamfuata wa sita,
kwenye mchanga, kabla hujafika Garashi:
injini inanguruma, magurudumu hayana habari.

Fundi Thoya wa Maweni aliingia chini,
akatoka na mchanga masikioni.
"Kuifufua hii ni bei ya ng'ombe wawili.
Lakini ninayo ya mkono, ya gari la maziwa
lililopinduka Gongoni. Gari lilikufa, giaboksi nzima.
Utaendesha?"
Nikasema nitaendesha.
Sikusema kwamba sijui klachi hukanyagwa kwa mguu gani.

Tuliishusha Jumanne: watu wanne, jeki mbili,
boriti moja ya mkoko.
Ilitoka nzito, ikidondosha mafuta
yaliyokuwa mekundu zamani, sasa meusi, yananuka ukoko.
"Ishikeni kama maiti," Thoya akasema,
kisha akanitazama, akauma ulimi.

Propela ikawa ndefu, Shee mchomeleaji
akaipunguza vidole vinne.
Mkono wa gia ulikuja na kirungu chake,
namba zimefutika
kwa kiganja cha mtu nisiyemjua.

Halafu Thoya akang'oa zulia upande wa dereva.
"Mbeyu, hebu njoo uone."
Kwenye ukuta wa chuma, kushoto kwa breki,
palikuwa na tundu, limezibwa kwa kibati,
skrubu mbili hazijaguswa tangu kiwandani.
"Walioliunda hawakujua nani atalinunua," akasema.
"Wakaacha nafasi."
Miaka tisa, kila tulipopanda tuta,
ncha ya mkongojo ilikuwa ikikigonga kibati kile,
ko, ko,
na sote tukidhani ni mlango.
Alikibandua kwa bisibisi.
Nikakiokota, nikakitia mfukoni.

Ijumaa jioni kila kitu kimekazwa,
na gari halitaki kuwaka.
Ufunguo unageuka. Kimya.
Thoya akacheka.
"Linangoja kuambiwa limeegeshwa.
Hizi haziwaki mpaka ziwe kwenye P."
Akachuna nyaya mbili, nyeusi na ya manjano,
akazisokota, akazizungushia utepe.
"Haya. Sasa litaamini limeegeshwa
maisha yake yote."

Mguu wangu wa kushoto, umri miaka thelathini na minne,
ulikuwa haujawahi kufanya kazi garini.
Ulikanyaga kama unaua nge,
ukaachia kama umeungua.
Gari likaruka, likazima,
mbele ya msikiti, mbele ya muuza viazi karai.
Mara ya sita watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti.
"Usiachie yote," Thoya akasema. "Sikiliza kwa unyayo.
Kuna mahali inashika. Hapo ngoja."
Nikangoja.
Gari likatetemeka kidogo, kama mtu anayetaka kusema,
kisha likaenda.

Mama hajalipanda bado.
Anasema mlio si ule.

Leo nimevuka daraja la Sabaki kwa gia ya nne,
chini maji ya tope, nyuma magunia kumi na moja,
na mguu wa kushoto unaniuma
kuanzia chini kidogo ya goti.
Kwenye dashibodi ile taa ya P imewaka
mchana kutwa, kasi themanini.
Thoya amesema kuizima ni kazi ya dakika mbili.
Nimemwambia aiache.